Asiyekuwapo na Lake Lipo

Methali ya Kiswahili yasema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Walimu huifafanua darasani kwa mfano wa mtu aliyechelewa kufika karamuni, akakuta chakula kimekwisha, au aliyekosa mkutano akakuta uamuzi umekwisha kupitishwa. Kwa matumizi hayo methali haina ubaya. Yatuhimiza tuhudhurie na tuyatetee yaliyo yetu. Lakini ipo hali moja ambamo methali hii imevuka mipaka yake ikageuzwa kuwa sheria, nayo ni hali ya mtoto aliyetangulia kufa kabla ya mzazi wake.

Mzee anapofariki na wanawe wakaketi kuligawa shamba, aghalabu husikika hoja ifuatayo: ndugu yetu fulani alikufa baba angali hai, kwa hiyo hakuwahi kurithi kitu, na asiyerithi kitu hana la kuwaachia wanawe. Hoja hiyo hutamkwa kwa sauti ya upole, tena mbele ya wazee wenye heshima, na mjane na watoto wake huondoka kikaoni mikono mitupu. Naandika nikiwa na watu wa Kyuso akilini, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ingawa hoja yenyewe ni ile ile pia Makueni, Machakos na sehemu nyingi za nchi yetu. Ningependa kuonyesha kwamba hoja hii haina mguu wa kusimamia, si kwa sheria, si kwa mila ya Wakamba, wala si kwa lugha tunayoitumia kuitetea.

Kwa nini tulizungumze jambo hili sasa? Mnamo Novemba 1999 serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Kufikia wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwachukua watu wengi wa umri wa kufanya kazi na kulea, na vijijini wazee walijikuta wakiwazika watoto wao na kuanza upya kulea wajukuu. Mpangilio wa kawaida wa vifo ulipinduka: mrithi alitangulia, mrithiwa akabaki. Wajukuu wale sasa ni watu wazima, wengine wakiwa na watoto wao wenyewe. Na babu waliowalea, ambao majina yao ndiyo yaliyoandikwa katika daftari za ardhi, ndio wanaofariki miaka hii. Kwa hiyo deni lililosimama kwa miaka 20 au 30 linadaiwa sasa, tena linadaiwa na watu ambao walikuwa wachanga mno kujua walichopoteza.

Yafaa tueleze jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Katika utaratibu wa zamani wa Ukambani kulikuwa na ng'undu, yaani ardhi ya kulima iliyokuwa mali ya familia. Kisesi, yaani eneo la malisho lililotengwa. Na weu, nyika iliyokuwa ya wote. Baba alimwonyesha kila mwana mahali pa kujenga na kulima. Alimpeleka hadi kwenye mti au jabali, akamwambia, kuanzia hapa hadi pale korongoni ni kwako. Hapakuandikwa kitu. Ulipokuja upimaji wa ardhi chini ya Sheria ya mwaka 1968, mara nyingi jina lililoandikwa lilikuwa la baba peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa boma. Mwana akajenga nyumba, akachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, akapanda maembe, akafa. Mjane akabaki akilima mtama na ndengu pale pale. Maadamu mzee alikuwa hai, hakuna aliyemgusa. Siku mzee alipozikwa, mashemeji walimwambia kwamba ardhi haikuwahi kuwa ya mumewe.

Na hapo wanasema kweli nusu. Ni kweli kwamba kwenye karatasi ardhi haikuwa ya mumewe. Lakini sheria haikuishia hapo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 41 kinaeleza kwamba mtu akifa bila wosia, na mmoja wa watoto wake akawa amemtangulia, basi uzao wa mtoto huyo huchukua, kwa mafungu yaliyo sawa, lile fungu ambalo mzazi wao angelipata kama asingalitangulia kufa. Wajukuu hawa hawaombi hisani. Wanasimama mahali pa mzazi wao.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa kuwa wanafunzi hupenda mambo yaliyo wazi. Mzee ana ekari 24 na watoto wanne. Mkewe amekwisha kufa. Mmoja wa watoto hao alifariki kabla yake na kuacha watoto watatu. Kwa mujibu wa sheria, shamba lagawanywa mara nne, ekari sita kwa kila shina. Wale watatu waliofiwa wagawana ekari sita za mzazi wao, mbili kwa kila mmoja. Hawawi warithi sawa na ami zao, wala hawamnyang'anyi ami hata hatua moja ya fungu lake. Kwa hesabu ya wale wanaotumia methali yetu, shamba lagawanywa mara tatu, ekari nane kwa kila mmoja aliye hai. Kila ndugu ameongezewa ekari mbili. Na ekari mbili ndizo hasa zilizokuwa za kila yatima. Hakuna fungu lililopotea angani. Kila ekari iliyokosekana upande mmoja imeonekana upande wa pili.

Wapo wanaochanganya kifungu hicho na kingine, cha 29, kinachosema kwamba mjukuu huhesabiwa kuwa tegemezi wa babu iwapo alikuwa akitunzwa naye kabla tu ya kifo. Kwa kutumia kifungu hicho, mjukuu aliyelelewa mjini au kwa kina mama yake huambiwa kwamba hana haki kwa sababu babu hakumlisha wala kumvisha. Lakini hiyo ni milango miwili mbalimbali. Mlango wa utegemezi ni wa mtu anayelalamika kwamba hakutengewa kinachomtosha. Mlango wa kifungu cha 41 ni wa mtu anayechukua nafasi ya mzazi aliyekufa, naye haulizwi alilelewa na nani. Mahakama Kuu ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 2013: kwa kawaida mjukuu hurithi kupitia kwa mzazi wake, na humrithi babu moja kwa moja pale tu mzazi huyo anapokuwa amekufa.

Hata penye wosia, kifo cha mrithi hakifungi mlango siku zote. Kwa kawaida zawadi aliyoandikiwa mtu aliyekufa kabla ya mwenye wosia huanguka, ikarudi katika mali iliyosalia. Lakini ikiwa aliyeandikiwa ni mtoto au mjukuu wa mwenye wosia, na ameacha uzao ulio hai, Jedwali la Pili la sheria hiyo hiyo laihifadhi zawadi hiyo isianguke, isipokuwa wosia wenyewe uwe umesema vinginevyo. Ama kuhusu wosia wa mdomo, ambao wazee wetu huupenda kwa kuwa maneno ya mwisho ya mzazi yanalindwa na hofu ya kiumo, yaani laana yake, sheria yaukubali kwa masharti mawili: utamkwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na mwenye kuutamka afe katika muda wa miezi mitatu. Mzee aliyewaambia wanawe miaka kumi iliyopita kwamba fungu la marehemu lisiguswe amesema neno jema. Hata hivyo, mahakamani neno hilo si wosia.

Tuongeze jambo moja linaloonyesha jinsi tarehe ilivyo na uzito usiostahili. Mwana akifa siku moja baada ya baba, fungu lake limekwisha kuwa lake, na mjane wake ana haki ndani ya mali ya mumewe. Akifa siku moja kabla, haki yapitia kwa watoto peke yao. Na wakifa pamoja je? Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililowabeba waimbaji wa kwaya waliokuwa wakienda arusini lilizama katika mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Katika maafa ya namna hiyo hakuna awezaye kusema nani alitangulia kukata roho. Kwa hali kama hiyo kifungu cha 43 chaamuru idhaniwe kwamba mdogo alikufa baada ya mkubwa. Mume na mke peke yao ndio hudhaniwa kufa kwa wakati mmoja. Sheria imekubali kwamba saa ya kifo ni bahati tu, ikajitahidi bahati hiyo isiwe ndiyo hakimu.

Sasa tuje kwenye mila, kwa sababu wanaowanyima yatima huwa wepesi sana wa kusema kwamba hiyo ndiyo mila ya Wakamba. Mila ipi? Mila ninayoijua kutokana na maandishi na masimulizi ni ya watu walioogopa kuliko kitu chochote jina la mtu kukatika. Kijana aliyekufa bila kuoa, baba yake aliweza kumwolea mke kwa jina lake, na watoto waliozaliwa wakaitwa wa yule marehemu. Mwanamke asiyejaliwa mwana aliweza kuoa iweto, ili watoto wa iweto waishike nyumba yake. Mjane alipochukuliwa na ndugu wa mumewe, watoto waliozaliwa walihesabiwa kuwa wa marehemu. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba aliyekufa huendelea kuwa mmoja wa jamaa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina lake. Iwapo jamii ilijisumbua kiasi hicho kumtafutia watoto mtu aliyekufa bila mtoto, sembuse yule aliyeacha watoto watatu walio hai, wanaoonekana kwa macho? Mila hiyo ilikuwa na kasoro zake, hasa kuhusu mabinti, nami sitaki irudishwe yote kama ilivyokuwa. Lakini haikufundisha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Ilifundisha kinyume chake.

Kuhusu mabinti hao, mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Machakos ilikataa kuitumia mila ya Kikamba kumnyima binti urithi wa baba yake, na Katiba ya 2010 ikauimarisha usawa huo katika kifungu cha 27. Matokeo yake ni mapana kuliko tunavyodhani. Ikiwa binti ni mrithi, basi binti aliyetangulia kufa naye ana fungu, na watoto wake walioko kwa kina baba yao wana haki ya kusimama mahali pake. Ni familia ngapi za Kyuso zinazowahesabu?

Kazi yangu ni lugha, na lugha nayo ina lake la kusema. Kiswahili kina majina mawili kwa ndugu wa baba. Twamwita ami au amu, neno lililotoka Kiarabu, ambalo lamtenga na baba. Vilevile twamwita baba mkubwa au baba mdogo, kwa desturi ya Kibantu, ambayo yamweka katika ubaba wenyewe. Jina hili la pili ni ahadi. Lamwambia mtoto kwamba kifo hakiwezi kumaliza baba zake wote. Lakini jina lilo hilo limekuwa kisingizio: mimi ndimi baba yako sasa, kwa hiyo fungu la baba yako liko kwangu. Hapo maana imehamishwa kutoka kwenye wajibu hadi kwenye umiliki, na hakuna aliyeiona ikihama, kwa sababu neno halikubadilika. Baba mdogo ni jina la mtu anayelinda fungu la mtoto mpaka mtoto akue. Halijawahi kuwa hati ya shamba.

Mjadala huu si wetu peke yetu. Katika fikihi ya Kiislamu, inayotumika kwa Waislamu wa Kenya katika mahakama za Kadhi, mwana aliye hai humzuia mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa. Lakini fikihi hiyo yamruhusu babu kumwandikia mjukuu huyo wasia ndani ya thuluthi ya mali yake, na wazee wengi wenye busara hufanya hivyo. Misri, kwa sheria yake ya mwaka 1946, iliufanya wasia huo kuwa wa lazima hata kama babu hakuuandika, usizidi thuluthi. Pakistan mwaka 1961 ilikwenda mbali zaidi, ikawapa wajukuu fungu lile ambalo mzazi wao angelipata. Njia ni mbalimbali, lakini swali ni moja, na kila mahali lilipoulizwa kwa dhati, jibu lilielekea kwa yatima.

Nazijua hoja za upande wa pili, na baadhi yazo zina uzito. Watasema kwamba marehemu alikwisha kupewa chake enzi za uhai wa baba. Ikiwa ni kweli, sheria imelizingatia: kifungu cha 42 chataka alichopewa mtu kabla kihesabiwe katika fungu lake. Watasema kwamba mjane ataolewa kwingine aondoke na shamba. Lakini fungu hili ni la watoto, nalo huwekwa amana hadi wafikie miaka 18. Mjane analishika kwa niaba yao. Watasema kwamba ami ndiye aliyelipa karo. Huyo astahili shukrani nyingi, na mtoto asiyemshukuru ni mtovu wa adabu. Hata hivyo, karo iliyolipwa kwa upendo haigeuki kuwa bei ya shamba siku ya mazishi. Na watasema kwamba ardhi ni kame na haitoshi. Ukame ni kweli. Lakini kama haitoshi, na isitoshe kwa wote, si kwa wale wasio na mtu wa kuwasemea peke yao.

Sheria nayo ina pengo ambalo Bunge lapaswa kuliziba. Kifungu cha 41 chazungumzia uzao. Mjane ambaye mumewe alitangulia kufa na ambaye hakujaliwa mtoto hatajwi humo, hata kama amelilima shamba la mkwewe kwa miaka 30 na kumuuguza mzee huyo hadi pumzi ya mwisho. Nyumba ya mtu kama huyo yategemea huruma ya mashemeji, na huruma si msingi wa kujengea.

Kwa wengine wote, haki ipo; inapopotea, hupotea katika orodha. Anayeomba usimamizi wa mirathi hutakiwa na kifungu cha 51 kutaja mahakamani si watoto walio hai tu, bali pia watoto wa kila mtoto aliyekwisha kufa. Orodha hiyo huanzia kwa familia, ikapita kwa naibu wa chifu na chifu, ikafika mahakamani, kwa mfano katika mahakama ya Kyuso, ambako tangu sheria ya mwaka 2015 hakimu ana uwezo wa kusikiliza mirathi kulingana na thamani ya mali. Jina likiachwa nyumbani, hakimu hana njia ya kuliota. Tangazo hutokea katika Gazeti Rasmi la Serikali, gazeti ambalo mjane wa kijijini hajawahi kulishika mkononi, na siku 30 za kupinga zapita kimya. Ni kweli kwamba kifungu cha 76 chawezesha usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo muhimu kufutwa. Lakini shamba likishauzwa na kugawanywa vipande, kulirudisha ni safari ndefu na ya gharama.

Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi. Shule ni mahali ambapo, miaka mingi baada ya mazishi, jina la baba aliyekufa lingali limeandikwa. Limo katika daftari la kusajili wanafunzi, katika fomu za kuombea basari, pengine hata katika cheti cha mtihani kama sehemu ya jina la mtoto. Daftari hilo linaweza kuwa ushahidi kwamba mtoto huyu ni wa mtu fulani. Lihifadhiwe. Mwalimu anayemjua yatima amwulize kama ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi wake, na kama kifo cha mzazi huyo kilisajiliwa. Na akikosa, amwelekeze kwa msajili mapema, kabla mashahidi hawajafa. Mwanafunzi aliyefikia miaka 18 asiogope kwenda kwa chifu na kuuliza kama jina lake limo katika orodha ya warithi wa babu yake. Kuuliza si utovu wa heshima.

Na mwalimu wa Kiswahili atakapoifikia methali yetu, aifundishe kama ilivyo, kisha awaulize wanafunzi mipaka yake iko wapi. Karamuni, na iwe hivyo. Katika kugawa mirathi, marehemu yupo maadamu wanawe wapo, na lake lipo pamoja nao.